Duru Mia Tisa

Waya ilitoka kwenye feni iliyoungua ya saluni.
Kalume, fundi wa televisheni pale Mwembe Kuku,
aliniuzia kwa mia mbili na ahadi
ya kumfagilia duka Jumamosi mbili.
Nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
rangi ya chai kavu iliyopigwa na jua.

Mwanajabu alikaa kizingitini na tasbihi ya nyanya.
Mimi nazungusha bomba, yeye anavuta punje.
Mia moja. Mia mbili. Nyamaza, utanipoteza.
Mia nne na ushei, adhana ya Alasiri:
tukabana kwa utepe, tukaondoka.
Mia tisa ilitukuta siku ya tatu, vidole vimechubuka,
na tasbihi, alisema Mwanajabu, haijazungushwa hivi
tangu shangazi alipokaa siku mbili chumba cha uzazi.

Chupa sita za soda. Maji. Chumvi ya mawe.
Transfoma ya bango la hoteli iliyofilisika Nyali,
bado ina mayai ya mjusi.

Kalume hakunipa sheria kwa mdomo mtupu.
Kwanza alinifunulia kiganja:
kovu jeupe, dogo kama chembe ya mchele,
mahali umeme ulipoingia.
Ulipotokea hakunionyesha.
"Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni.
Ukitia yote miwili, moyo wako ndio waya.
Na kuzima si kuisha.
Chupa huweka. Huweka kama mke mwenza."

Mwanajabu akanishonea mfuko wa kushoto, wenye kifungo.

Usiku wa kwanza, hakuna kitu.
Hewa ya Mombasa si ile kavu ya vitabuni;
ina chumvi, ina jasho,
huunywa umeme kabla haujaruka.
Sauti tu, ya nyoka ndani ya gunia,
na harufu ya mvua ya kwanza juu ya bati la moto.
Tukayeyusha mishumaa,
tukalipaka bomba nta hadi likang'aa kama maiti.

Jumanne mama alikwenda arusini Kuze.
Nikatia kushoto mfukoni, nikafunga kifungo.
Kulia nikabonyeza.

Kikaota kitu.
Zambarau, lakini si ya bilinganya wala ya kanga:
mizizi iliyokosea njia ikaelekea juu,
shubiri nzima, ikipapasa hewa
kama kipofu anayetafuta uso anaoujua.
Taa ya mrija, iliyokufa mwaka jana,
ikawaka mkononi mwa Mwanajabu bila kuungwa na chochote.
Akacheka, halafu akakiogopa kicheko chake.
Nyuma ya ukuta, redio ya Mzee Bwanakheri
ikakatika katikati ya matangazo ya vifo.

Kisha pa!
Giza. Ploti nzima, vyumba saba.
Na ndani ya friza ya mama
mabarafu ya ukwaju mia na ishirini,
oda ya skuli, asubuhi.

Mama alirudi na tochi ya simu na harufu ya udi.
Hakupiga kelele.
Alifungua friza, akatoa mfuko mmoja,
akaubonyeza kama anayepima papai sokoni.
"Waiteni watoto."

Tukanyonya gizani, ndimi zimekauka kwa ukali.
Mzee Bwanakheri alimaliza tisa,
akiuliza kila mtu ni nani aliyekufa,
maana hakusikia mwisho.

Watoto walipolala, mama aliketi mbele ya bomba.
"Haya. Na mimi nione."
Stima haijarudi, nikamwambia.
Akanyoosha kidole kwenye chupa, aulize ni za nini,
nami nikaudaka mkono wake hewani.

Zilikuwa kimya, zote sita.

Nikachukua bisibisi ya mpini mrefu, nikagusa.
Cheche moja, nyeupe, yenye sauti ya kofi.
Kwa mwanga wake nikamwona mama:
hakuwa ananitazama usoni.
Alikuwa anatazama mfuko wangu wa kushoto,
na mkono uliofungiwa humo.

"Nani kashona ovyo hivi?" akauliza gizani.
"Kesho nipe. Kifungo hiki kitakatika."