Lenzi ya Kiborloni

Nilianza na taa: wati mia.
Nikapata ukungu uleule, ila unang'aa.
Kioo cha kompyuta mbovu nikakiunguza,
feni ikabaki inalia peke yake ndani ya boksi la mbao.

Aikaruwa akasema, "Mwanga unao. Jicho ndilo huna."

Jumamosi, Kiborloni, chini ya rundo la pasi za mitumba,
lenzi ya mashine ya slaidi, elfu nane,
ukingoni imekwanguka kidogo.
Usiku, Pasua, nikaisogeza
upana wa ukucha, kisha wa unywele,

na shukani, harusi ya mwaka tisini na sita,
Mama akaota nyusi.
Nyuma yake, mlangoni,
babu, yule niliyeambiwa alisusa,
anapiga makofi.