Kiduara

Aikaeli ananisifia ile mpya: nyepesi, mkanda mwekundu.
Nairudisha mezani.
Hiyo hujumlisha mwanga wote, kisha hugawa sawa;
ndivyo ilivyonipa, siku ya kipaimara kule Mwika,
theluji ya Kibo safi kama shuka
na bibi Ndeshukurwa hana uso.

Hatukupata siku nyingine ya kumpiga.

Nataka hii kuukuu, yenye kiduara katikati ya kioo.
Simama mlangoni, namwambia, mlima uwe mgongoni.
Kiduara nakilaza shavuni pake.
Mshale unayumba, unatulia.
Mlima na uungue, ubaki karatasi tupu:
naliona kovu lake la utotoni,
na jasho juu ya mdomo.

“Elfu themanini.”
Natoa sabini, jicho bado tunduni.
Kiboriloni nzima inapiga kelele.
Anacheka, meno yote yamo.