Nafasi ya Ndoo

Kwetu Kitangari foleni ya maji haihitaji mtu.
Unaweka ndoo, ndani yake jiwe, unakwenda zako shamba,
na ndoo inasogea, inasogezwa
na mikono usiyoijua, hadi zamu ifike.

Hapa Mtwara, hospitali ya mkoa,
niliuliza kama naweza kuacha kitu.
Kijana wa dirishani akacheka, si kwa ubaya:
"Mama, hapa mgonjwa hukaa mwenyewe."

Nikakaa mwenyewe,
bahasha ya kaki mapajani,
juu yake jina langu lililokosewa: Somoe Nampoto.
Mimi ni Nampota.
Nikasema, basi pengine saratani ni ya huyo mwingine.
Nusu saa nzima nilimwonea huruma.

Wameniuliza umri mara nne.
Wameniuliza watoto, walio hai, waliokufa,
mara nne. Mara ya nne nikapunguza mmoja,
yule aliyekwenda na masika.
Nimechoka kumfufua
mbele ya watu wenye kalamu.

Daktari ni binti mdogo. Aliketi ukingoni mwa kiti
kama mtu anayetaka kuondoka
au anayetaka kusogea karibu, sikujua lipi.
Akasema: hatua ya pili.
Mimi hatua nazijua. Nyumbani hadi bondeni kwenye maji
ni elfu mbili na mia nane, za kushuka.
Za kupanda na ndoo kichwani hazihesabiki.
Hii ya pili imeanzia wapi? Inashuka au inapanda?
Nikajibu, "Ndiyo."

Dar es Salaam. Ndiyo.
Wiki sita, pengine zaidi. Ndiyo.
Mionzi. Hilo nililidaka, maana ndiyo
inayokausha korosho zangu jamvini.
Mengine yakanipita kama salfa
unapoipulizia mikorosho na upepo ukageuka:
unabaki na ladha mdomoni,
mti haukupata kitu.

Nje, Ligola mwanangu alikuwa na simu sikioni.
Malipo ya mnada wa pili bado, alikuwa akimwambia mtu,
na mama asiambiwe kwanza.
Aliponiona akakata.
"Wamesema uvimbe tu, siyo?"
"Uvimbe tu."
Yeye alishaisoma karatasi.
Mimi nilishamwona akiisoma.
Tukagawana andazi moja, kila mtu
akimwachia mwenzake kipande kikubwa.

Saa tisa, dirisha la barua ya rufaa.
Mwenye muhuri ametoka, atarudi.
Nyuma yangu mwanamke, kanga mpya, bahasha mpya,
anabana miguu, anatazama mlango wa choo,
anatazama foleni.
"Acha kandambili," nikamwambia.
Alinitazama kama asiyesikia.
Kisha akavua moja, akaiweka sakafuni,
akaenda akichechemea.

Foleni iliposogea
niliisogeza kwa kidole gumba cha mguu.
Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja aliipisha.

Alikawia sana yule mama.
Nikaendelea kuisogeza.