Deni la Sumuni

Ilikufa Jumanne, saa nne na robo,
chupa kumi na moja za maji ya visima
zikiisubiri kwenye friji.
Haikulia. Haikutoa moshi.
Sindano ilianguka upande wa sifuri, ikalala
kama mtu aliyechoka kuulizwa.

Kibati cha nyuma kinataja nchi
ambayo haimo tena ramanini.
Nikafungua skrubu sita, ya saba ilishaliwa na kutu,
na harufu ikanipanda puani: vumbi, chumvi, mavi ya mijusi.
Hewa ya Ganjoni haina huruma na shaba;
huipaka ukijani polepole,
kama tambuu ipakavyo meno wekundu.

Aliyekufa hazidi punje ya mbaazi:
transista, kofia ya bati, miguu mitatu.
Namba yake niliisoma kwa kioo cha kukuzia,
ulimi nje, kama mtoto anayejifunza alifu.
Nikawaandikia waundaji. Wakajibu kwa adabu:
sehemu hiyo ilisitishwa, tunapendekeza mashine mpya.
Dokta Mwachiro akasoma, akacheka kwa pua.
"Zabuni," akasema, na neno likabaki mezani
kama sahani isiyo na chakula.

Basi nikatoka na maiti yangu ndani ya kibiriti.
Mwembe Tayari wakanionyesha rimoti.
Mtaa wa Biashara, kijana mmoja akauliza
kama hiyo ni hereni.
Makupa, fundi wa redio Kombo Shee
akaigeuza, akaipuliza. "Hii?
Hii tulikuwa tukiitupa."
Akanielekeza kwa Taherali,
kisha akakumbuka kwamba Taherali amefariki.
"Lakini nenda. Duka halijafa."

Binti yake Sakina huuza chaja na vifuniko vya simu.
Nyuma ya chaja, ukuta mzima, droo
alizozifanya babake kwa makopo ya maziwa ya unga,
kila moja na mwandiko wake, tarakimu za Kigujarati.
"Hizi nilizikimbia madrasani," akasema,
akapanda ngazi hata hivyo.
Yeye akibahatisha, mimi nikishika tochi:
nne au tano? Hii ina mkia. Basi tano.
Adhana ya alasiri ilitukuta safu ya tatu,
jasho mpaka kwenye kope.

Namba yangu haikuwapo.
Alikuwapo jirani yake.
Si ndugu wa marehemu, ni kama mkwe:
kazi ni ile ile, desturi mbali.
Mguu wa kati wa huyu ndio wa kando wa yule,
na joto likizidi, hasira zake hutangulia.
Lakini mkosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.

Bei?
Baba aliiandika juu ya kopo:
shilingi mbili na sumuni.
Nani ana sumuni siku hizi?
Nikatoa noti ya mia, akaisukuma.
"Bei ya baba ni bei ya baba."
Nikampa shilingi tatu. Akafungua daftari, akaandika:
fundi wa maji anadai sumuni.

Usiku nikalehemu.
Miguu niliipisha, mmoja juu ya mwenzake,
nikaivisha mirija ya plastiki isigusane,
mahasimu waliokutana harusini.
Nikabonyeza swichi, nikatoa mkono upesi.
Sindano ikafikiri. Ikapanda.

Chupa ya kwanza, kisima cha Kisauni:
nitreti imepita mpaka.
Nikarudia. Nikarudia tena.
Kwa dakika moja, Mungu anisamehe,
nilitamani mashine ingebaki imekufa.

Kabla ya kufunga, nikaandika kwa penseli ndani ya kifuniko:
*Huyu si yule. Miguu imepishana.
Zimebaki mbili kwa Sakina, safu ya tano, kopo lenye kutu.*

Asubuhi nikapiga simu.
Bi Nargisi, maji hayo mtoto mchanga asipewe,
hata mkiyachemsha.
Kimya. Kuku wakisikika nyuma yake.
"Una hakika na hiyo mashine yako?"

Nikakitazama kile kichwa kidogo cha bati,
mgeni wa usiku mmoja.
"Ninayo," nikasema.