Toa

Kazi yangu ni kuandika vibandiko.
Zana imeshaundwa, inafanya kazi;
mimi naiandikia mistari mitatu
ili wakala wa akili mnemba, asiye macho wala mikono,
ajue lini aishike na lini aiache.
Nalipwa kwa hilo, hapa Ngamiani,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.

Zana ziko kumi na tisa.
Moja husoma uzito wa marobota ya mkonge,
moja hupiga hesabu ya ushuru,
moja huwapelekea ujumbe madereva wa Muheza,
na moja iliitwa Toa.

Niliandika kabla ya chai:
"Hutoa marobota ghalani."
Nikaona inatosha.
Nani Tanga hii asiyejua kutoa?

Jumanne wakala akaambiwa:
marobota arobaini ya Semboja yatoke, yaende bandarini.
Akachambua zana, akashika Toa,
akayatoa.
Yalitoka daftarini.
Arobaini yakawa hayajapata kuwapo,
na yale yenyewe, meupe, yanayowasha viganja,
yamekaa palepale ghalani, hayana mwenyewe.
Lori lilingoja hadi adhuhuri.
Semboja akapiga simu. Hakufoka. Aliuliza tu,
"Mkonge wangu umekufa kifo gani?"

Nililala na neno lile siku tatu.
Toa sadaka. Toa taka.
Toa saba kwenye kumi.
Toa salamu, toa roho.
Mkono unaopa na mkono unaofuta
umevaa pete moja.
Sisi twalijua kwa uso wa msemaji,
kwa alichoshika, kwa mlango anaoutazama.
Wakala hana mlango.
Ana mistari yangu mitatu.

Shangazi Mwantumu alikuwa akinituma chumvi hivi:
ya mawe, si ya unga;
ukiikuta imelowa, iache;
kama haipo, usiniletee ya unga kwa kunihurumia,
rudi mikono mitupu.
Nilimwona mchoshi.
Leo namwona fundi.

Nikaigawa Toa ikawa mbili.
"Ruhusu mzigo: marobota hubaki daftarini,
yakaandikiwa lango na lori."
"Futa kumbukumbu: haina kurudi.
Usiitumie kwa mzigo ambao bado upo ghalani."
Na chini ya zote mbili:
"Usipokuwa na hakika, usishike kitu. Uliza."

Hemedi Shekalaghe akamjaribu wakala mara mia
kwa maombi ya watu waliochoka:
nitolee ile ya jana,
toa zote, fanya kama juzi.
Kwa kibandiko cha zamani alipata sitini na moja.
Kwa kipya, tisini na nne.
Watu wakapiga makofi, soda zikaagizwa.

Mimi nikaomba kuona yale sita.
Nikayasoma moja moja, kama barua.
Katika manne, wakala hakukosa:
aliuliza, "Zote za nani?"
na karatasi ya Hemedi ikampa sifuri,
kwa sababu ilijua kuhesabu vitendo tu.
Tulibishana mpaka umeme ukakatika,
tukaendelea gizani.
Mizani nayo hupimwa, nikamwambia.
Asubuhi akaisahihisha, bila kunitazama.

Yakabaki mawili.
Hayo ni makosa ya kweli, na hatuyaelewi.
Maneno ni yaleyale, zana ni ileile,
na mkono umekwenda kwingine.
Basi nikaongeza mstari wa nne:
"Katika majaribio mia, imekosewa mara mbili.
Sababu hatujaijua."

Mkuu wa ofisi akausoma akiwa safarini Korogwe.
Akarudisha waraka, na pembeni ya mstari wangu
neno moja tu:
Toa.

Sikuuona uso wake.
Nikamwandikia: kutoa kupi,
kwa watu, au kwenye karatasi?

Hajajibu.
Mstari ungali pale.