Kitufe Kilichohama

Tulibishana tangu theluji ya kwanza
mpaka miti ya kando ya Drava ikachipua.
Gorazd alitaka dirisha moja:
barua humo, hesabu humo, kalenda humo,
hata redio, kwa nini isiwe humo?
"Mtu akishakaa mezani asiinuke."
Mimi nilitaka kila kazi na mlango wake,
na ufunguo wake, na kosa lake.
Kikifa kimoja, nilisema, vingine visikae matanga.

Alinicheka. "Wewe, Tinkara, ungeuza kijiko leo,
mpini wake ukauuze Jumatatu."

Akashinda, maana bosi alikuwa na haraka,
na haraka hulipenda neno "moja".
Tukashona, tukaunganisha.
Programu iliyofunguka kabla hujaketi
sasa ilikupa nafasi ya kuchemsha kahawa,
kuinywa,
na kuosha kikombe.

Ndipo akapiga simu Vinko Hribernik,
fundi kodiani wa Ptuj, mteja wa miaka tisa:
"Nimebonyeza stakabadhi,
imenitabiria mvua."

Tulikwenda. Garini kimya.
Karakana ilinuka nta na gundi,
unga wa mbao umelala kwenye kibodi,
na herufi K ilipong'oka
kimebandikwa kitufe cha kodiani, cheupe kama jino.

Mezani kodiani, kifua kimepasuliwa.
Gorazd akanikonyeza: besi, sauti nyembamba,
mikono yote miwili, sanduku moja!
Nami nikamwonyesha kwa kidevu
zile ndimi za chuma, kila moja na noti yake;
hii ikiziba, jirani yake anaimba.
Ila mvukuto ulikuwa na tundu,
dogo, uzi ungepita kwa shida,
na chombo kizima kilikuwa bubu.
Hilo sikulisema.
Yeye naye aliliona, akatazama viatu vyake.

Vinko alikuwa anatafuta miwani.
"Kilikuwa hapa," akagusa kioo,
pembe ya chini, kushoto,
pale penye doa la kidole
lililoiva kwa mafuta ya miaka tisa.
"Kirudisheni."

Tulikirudisha kwa dakika nne.
Majira yote ya baridi, na kumbe dakika nne.
Akaandika stakabadhi ya kujaribia:
mvukuto mmoja, kuziba tundu.
Bei akaisoma ukutani, kwa penseli,
mahali ambapo kazi yetu haijawahi kufika.

Njiani nikauliza,
"Nambari za simu za wateja, umeziona wapi?"
"Ukutani."
"Na siku za miadi?"
Akanyamaza mpaka taa za Maribor.
"Ukuta mmoja," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Nikamwacha na ushindi wake.
Penseli nilizihesabu:
zilikuwa tatu.