Jibu la Kiwanda

Barua ya kwanza niliiandika mimi,
kwa sababu mkono wa mjomba Shaame
umezoea spana, kalamu humponyoka,
na kwa sababu Kiingereza changu, alisema,
"kimelipiwa tuisheni, nacho kifanye kazi."

Tulikaa gerejini kwake, Mtemani, Wete,
juu ya betri mbili zilizokufa.
Baina yetu mlango wa gari umelala chali
kama papa aliyepasuliwa.

Andika: Waungwana wa kiwanda, salamu.
Kwa injini hatuna neno nanyi.
Lakini chini ya mlango wa nyuma, kushoto,
mmetoboa kitundu kama punje ya mtama
maji ya mvua yatokee hapo.
Huku petu gari hubeba karafuu.
Vumbi lake na makonyo
huingia mlangoni, hulowa, huwa uji,
huziba,
na maji hukaa humo na chumvi yake
yakila bati kwa ndani, kimya kimya.
Milango kumi na saba nimeifungua msimu huu.
Yote imeliwa pale pale.

Akachora. Mstari, mduara, mshale.
Akapima kwa kifuniko cha kalamu:
"Waambie liwe hivi. Na liinamie nyuma.
Si jambo kubwa. Ni keekee tu."

Miezi mitano.
Likaja jibu, karatasi nzito,
nyeupe hata akaogopa kuishika kwa grisi.
Nikamsomea:
Tunakushukuru kwa maoni yako.
Maoni ya wateja ndiyo dira yetu.
Kwa masikitiko, gari hilo halikupata kuuzwa nchini kwako.
Tafadhali muone wakala aliye karibu nawe.

"Aliye karibu yuko wapi?"
Nikageuza karatasi. Nyuma hapakuwa na kitu.
Mjomba akacheka mpaka akashika kiuno.
"Ati halikuuzwa! Basi ninachokigonga hapa ni njozi?
Kwao mteja ni yule wa mwanzo,
aliyelipanda likinukia plastiki mpya
akaliuza kabla halijakohoa.
Maradhi ya gari anayajua mwenyewe wa tatu.
Nani basi wa kuulizwa?"

Tuliandika mara nne.
Ya tatu alitia na kipande cha bati lenyewe,
kimetobokatoboka kama kofia ya viua;
posta wakakitoa, kinachana bahasha.
Ya nne haikujibiwa.
Mimi nikaenda kusomesha Chake,
mjomba akaanza kuvaa miwani.

Juzi akanipigia simu. Njoo. Akakata.

Gari la Bi Mize Hamad, la kuchukulia unga,
limeshuka Mkoani wiki iliyopita,
kuukuu kwa wenyewe huko, jipya kwetu,
limeundwa miaka minne baada ya barua zetu.
Mlango umelala chali
juu ya betri nyingine, nazo zimekufa.
"Tia kidole."
Kikaingia mpaka kifundo cha kwanza.
Tundu limeinamia nyuma.

Sijui. Pengine mtu wa nchi ya theluji
alilalamika kwa lugha yao
akajibiwa kwa jina lake, na udhuru, na mlango mpya.
Pengine ni hesabu tu, bati limepanda bei.
Pengine kuna kijana, kwenye meza ya mwisho,
aliyebandika ukutani mchoro wenye alama ya dole la grisi
na hakumwambia mtu.

Mjomba hakuuliza.
Alipuliza, vumbi likatoka upande wa pili,
akafuta miwani.
"Wamejibu," akasema.
"Ila jibu lenyewe kaliendesha mtu mwengine
miaka minane, ndipo likanifika."

Kisha akazunguka nyuma ya gari,
akafungua taa ya kushoto, skrubu mbili,
akaniitia nichungulie:
maji nusu kikombe,
na viluwiluwi vya mbu vikipanda na kushuka.
"Unayo kalamu?"